AJALI MOJA, KESI MBILI
Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi



Habari za hisa, mikopo na gawio tunamwachia Mweka Hazina, maana ndiye anayezijua hadi senti ya mwisho, na mahesabu yake yamechapishwa katika kijitabu hiki. Sisi viongozi tumeombwa na wanachama tuzungumze jambo jingine. Tulidhani watataka tuseme habari za biashara au ufugaji wa kuku. Hapana. Wengi walisema, "Mama Mwenyekiti, zungumzeni ile habari ya pikipiki." Basi tunaizungumza, na wahusika wote wawili wameturuhusu. Majina hatutaji, ingawa najua nusu ya watu waliokaa hapa wanayajua.

Ndugu wageni, mji wetu uko kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Malori yanapita usiku na mchana. Pikipiki ndiyo usiseme. Katika miaka kumi, fedha za mfuko wetu wa jamii zimetoka kwa ajili ya misiba, kujifungua na ugonjwa, lakini ukifungua kile kitabu cha mfuko utaona neno "ajali" limeandikwa mara nyingi kuliko neno "malaria". Na kila ajali ina pande mbili: kuna aliyeumia, na kuna aliyekamatwa. Siku ile pande zote mbili zilikuwa za kwetu.

Mwanachama mmoja, muuza vitumbua, alikuwa anatembea pembeni mwa barabara alfajiri na ndoo yake ya unga. Pikipiki ikamgonga, mguu ukavunjika mahali pawili. Kijana aliyekuwa anaendesha ni mtoto wa mwanachama mwingine, mwenzetu wa tangu siku ya kwanza, mmoja wa wale watatu wanaoshika funguo za sanduku. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Mama wa vitumbua akapelekwa hospitali, kijana akapelekwa kituoni. Jioni tukapata wageni wawili nyumbani kwa wakati mmoja: mume wa majeruhi anataka hela ya matibabu, na mama wa kijana anataka hela ya kumtoa mwanawe.

Tuanze na kijana, kwa sababu yeye alikuwa na haraka zaidi.

Mama yake alikuwa amepigiwa simu na mtu asiyemfahamu. Huyo mtu akamwambia kwamba dhamana ni shilingi 150,000, itumwe kwenye simu usiku ule ule, la sivyo kijana atalala hadi Jumatatu na kupelekwa gerezani moja kwa moja. Yule mama alikuwa anatetemeka. Alikuja akiomba mkopo wa dharura. Jamani, mama yeyote angelipa. Lakini tulikuwa tumeshapata semina ya msaidizi wa kisheria pale ofisi ya kata, na jambo moja lilikuwa limetukaa kichwani: dhamana ni haki ya mtuhumiwa na haina malipo. Kinachotakiwa ni mdhamini, yaani mtu anayeaminika, mwenye kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, anayeweka saini kwamba mtuhumiwa atafika siku atakayotakiwa. Wakati mwingine fungu la fedha huandikwa kwenye hati, lakini ni ahadi tu: utadaiwa kama mtuhumiwa atatoroka. Hulipi ili atoke.

Tukampigia yule mtu wa simu. Tukamwambia, sawa, hela ipo, ila sisi ni kikundi kilichosajiliwa, haturuhusiwi kutoa hela bila risiti, kwa hiyo atuambie jina lake na ofisi atakayotuandikia risiti. Simu ikakatwa. Tangu siku hiyo haijapatikana tena. Hatujui alikuwa nani, na hatumsingizii mtu yeyote. Ila tunawaambia wanachama: neno "risiti" lina nguvu kuliko mnavyofikiri. Na kama anayeomba ni mtumishi wa umma, TAKUKURU wana namba ya bure, 113.

Asubuhi ya Jumamosi tukaenda kituoni watu wanne, tumevaa sare zetu, na barua ya Mtendaji wa Mtaa mkononi. Tunamshukuru Mtendaji wetu, alituandikia barua saa moja asubuhi akiwa bado na kandambili. Tulikaa sana kwenye benchi. Tuliambiwa tusubiri, tukasubiri. Tuliambiwa mkubwa hayupo, tukasema tutamngoja. Hatukugombana na mtu. Saa kumi jioni kijana akatoka kwa dhamana, bila senti.

Haya mambo tuliyoyajua siku ile yapo katika sheria, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na kila mwenye mtoto barabarani ayajue. Mtu akikamatwa aambiwe kosa lake. Ana haki ya kuonana na ndugu, rafiki au wakili wake. Akipekuliwa, mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, na vitu vinavyochukuliwa viandikiwe hati. Kama hakupewa dhamana, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo baada ya hapo, isipokuwa kwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Yapo makosa mazito yasiyokuwa na dhamana, kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Kumgonga mtu kwa uzembe si mojawapo.

Na kuhusu maelezo. Polisi akiandika maelezo yako, unatakiwa kutaja jina na anwani. Maswali ya kosa lenyewe una haki ya kutoyajibu mpaka uonane na wakili au ndugu. Ukiamua kuyajibu, maelezo yasome kabla ya kuweka saini. Usiyejua kusoma, usomewe. Neno ambalo hukulisema, sema lirekebishwe. Wapo watoto wetu wanatia saini kama wanavyotia saini kitabu cha wageni msibani, halafu mahakamani wanashangaa karatasi inasema mambo ambayo wao hawakuyasema.

Kuna jambo jingine linalotuudhi sisi akina mama. Kijana akikimbia, wakati mwingine hukamatwa mama yake, eti mpaka mtoto ajilete. Kosa la jinai ni la mtu mwenyewe. Mama hawekwi rehani. Ikitokea, nendeni kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, tena muende wengi.

Sasa ikaja siku ya mahakamani. Wajomba wa kijana walikuwa wameshampa ushauri wao: "Kubali tu, yaishe, utapigwa faini utarudi nyumbani." Ushauri huu umeenea kama mafua. Tukamwita yule msaidizi wa kisheria, akatueleza taratibu. Akasema, ukikubali kosa mahakamani, kwa kawaida huwezi tena kukata rufaa kusema hukutenda. Unabaki na rufaa ya adhabu peke yake. Na kukubali kwako kunabaki katika kumbukumbu. Kama kweli umefanya na unataka kukiri, ni hiari yako, na mahakama huweza kuliangalia hilo kwa huruma. Lakini kukiri jambo usilolielewa ili upate kuwahi chakula cha mchana, hiyo siyo hiari. Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mwenye hatia mpaka ithibitike. Upande wa mashtaka ndio wenye kazi ya kuthibitisha.

Kijana alikana. Kesi ikasikilizwa Mahakama ya Wilaya, mashahidi wakaja, mchoro wa ajali ukaletwa, na mwisho mahakama ikamwona ana hatia ya kuendesha kwa uzembe. Akatozwa faini, akalipa, akapewa stakabadhi ya serikali. Hatukwenda rufaa, yeye mwenyewe aliridhika. Ila kwa faida ya wengine: rufaa kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya nia ya kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Aliyefungwa hupeleka taarifa yake kupitia Mkuu wa Gereza. Siku 10 ni chache sana. Familia nyingi siku hizo zinaishia kulia na kutafuta wa kumlaumu.

Hapo sasa ndipo lilipotokea lile jambo lililotufanya tuwaambie wanachama kwamba ajali moja ina kesi mbili.

Mama wa vitumbua alikuwa mahakamani siku ya hukumu, na magongo yake. Faini ilipolipwa akatugeukia akauliza, "Sasa hiyo hela nitapewa leo au mpaka kesho?" Watu walicheka, lakini hakuwa na kosa. Nani aliwahi kumwambia? Faini ni ya serikali. Kesi ile ilikuwa ya Jamhuri dhidi ya kijana, na mama wa vitumbua alikuwa shahidi tu. Mahakama inaweza, ikiona inafaa, kumwamuru mkosaji amlipe fidia aliyeumia, lakini safari hii haikuamuru. Fidia ya mguu wake ilikuwa ni jambo la pili, kesi ya madai, na hiyo ni lazima aianzishe mwenyewe.

Maneno yakaanza mtaani. Upande wa majeruhi ukasema, yule mama wa kijana ana kiwanja, akiuze. Upande wa kijana ukasema, mtoto ameshahukumiwa, mnataka nini tena? Mikutano miwili ya Alhamisi wale wanawake wawili walikaa kona mbili za chumba, hawaangaliani. Mmoja ana ufunguo wa sanduku, na bila yeye sanduku halifunguki. Tuliona kikundi kinakufa mbele ya macho yetu.

Kilichotuokoa ni karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye pikipiki. Bima.

Ndugu zangu, wengi wetu tunaijua bima ndogo kama kitu cha kumwonyesha trafiki. Sheria inalazimisha kila chombo cha moto barabarani kiwe na angalau hiyo bima ndogo, na kazi yake siyo kulinda pikipiki. Kazi yake ni kumlipa mtu mwingine aliyeumizwa na hiyo pikipiki. Mwenye pikipiki alikuwa ameilipia. Leseni ya kijana ilikuwa hai. Maana yake kiwanja cha yule mama hakikuwa na sababu ya kuuzwa, na mama wa vitumbua hakuwa na sababu ya kusamehe mguu wake ili kulinda urafiki. Kudai fidia kwa bima siyo kumfilisi jirani. Tuliwakalisha wote wawili kwenye mkeka mmoja tukawaeleza hivyo, na msaidizi wa kisheria akiwepo. Walinyamaza muda mrefu. Kisha mama wa kijana akasema atakwenda yeye mwenyewe kwa mwenye pikipiki kuchukua nakala ya bima. Akaenda kweli.

Madai yalichukua mwaka mmoja na miezi saba. Tusiwadanganye, siyo kazi ya siku mbili. Ila yule mama wa vitumbua alitushangaza. Tangu siku ya kwanza alikuwa anaweka kila karatasi kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro: nakala ya PF3, ambayo polisi hutoa bure, picha za eksirei, risiti za dawa, risiti ya magongo. Nauli za bajaji alikuwa anamwambia binti yake wa darasa la sita aziandike kwenye daftari, tarehe na kiasi. Wakili aliyekuja kumsaidia alifurahi, akasema watu wengi humletea maneno matupu. Maana fidia iko namna mbili. Kuna hasara halisi, yaani hela iliyotoka mfukoni, na hiyo ni lazima uithibitishe, shilingi kwa shilingi. Na kuna fidia ya maumivu na ulemavu, ambayo mahakama hukadiria, ikitazama ripoti ya daktari. Mganga wa mifupa wa kienyeji huenda amekusaidia, hatumdharau, lakini kama hakukuandikia kitu hutakuwa na cha kuonyesha.

Vingine vilivyotakiwa ni taarifa ya polisi ya ajali, ule mchoro, ripoti ya ukaguzi wa pikipiki, nakala ya bima na nakala ya hukumu. Ile hukumu ya jinai ilisaidia sana, kwa sababu hatia ikishathibitika mahakamani haibishaniwi tena. Mnaona kesi mbili zinavyoshikana mikono.

Kampuni ya bima kwanza ikatoa kiasi kidogo, na karatasi ya kutia saini. Karatasi hiyo, wapendwa, isomeni vizuri. Inasema umelipwa na huna madai mengine. Ukishaisaini, mlango umefungwa, hata ukija kukatwa huo mguu mwaka kesho. Hakusaini. Wakili akaandika barua, wakajibizana, kikaja kiasi kingine. Hatutataja ni kiasi gani, hiyo ni siri yake, ila banda lake jipya la vitumbua mmelipita mkija hapa.

Muda nao mkumbuke. Kesi ya madai ya kuumizwa kwa uzembe ina miaka mitatu tangu siku ya kuumia. Miaka mitatu ni mingi mpaka uone inavyoisha huku mnaambiana "tutakaa kifamilia". Kukaa kifamilia ni vizuri na tumekaa sana, lakini mwenye gari anayekuahidi kila mwezi kwamba mwezi ujao ataleta, huenda anahesabu kalenda.

Aliyefariki kwa ajali, mke au mume, watoto na wazazi waliokuwa wakimtegemea wana haki ya kudai. Fungueni mirathi mapema, msimamizi ateuliwe na mahakama. Tumeona wajane wawili hapa kwetu wakizungushwa kwa kukosa hiyo barua moja tu.

Tuguse kidogo walioumia kazini, maana hao sheria yao ni tofauti. Mume wa mwanachama mmoja alikatwa vidole viwili na msumeno wa mashine ya mbao. Tajiri akampa shilingi 200,000, akasema pole. Kumbe upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, na waajiri walianza kuuchangia Julai 2015. Mchango ni wa mwajiri peke yake, mshahara wa mfanyakazi haukatwi kwa ajili hiyo. Mfuko hulipa matibabu, hulipa sehemu ya mshahara wakati huwezi kufanya kazi, na ulemavu wa kudumu hulipiwa kwa mkupuo ukiwa mdogo, au pensheni ya kila mwezi ukizidi asilimia 30. Huko hakuna haja ya kuthibitisha nani alikuwa mzembe. Ila taarifa ifike ndani ya miezi 12. Hata kibarua asikubali kuambiwa haimhusu kabla hajauliza mwenyewe.

Mtauliza, wakili tutamlipa nini? Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Inatambua wasaidizi wa kisheria katika kata na wilaya, na huduma yao kwa mtu asiye na uwezo ni bure. Wao hawasimami mahakamani kama mawakili, lakini watakueleza, watakuandikia, watakupeleka panapostahili. Katika kesi ya jinai, mahakama nayo inaweza kuagiza mshtakiwa asiye na uwezo apatiwe msaada. Vyama kama TAWLA, WLAC na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu vimefanya kazi hii miaka mingi. Tangu mwaka 2023 kuna pia kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, ambayo imezunguka mikoani. Kama hujui pa kuanzia, anzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, yuko pale meza ya mbele, amevaa kitenge cha bluu.

Jihadharini na vishoka. Wanajua wodi kuliko manesi. Anakuja na fomu, anasema saini hapa mama, nitakufuatilia. Wakili wa kweli utaelezwa ofisi yake iko wapi, atakuandikia makubaliano ya malipo, na atakupa risiti.

Na msiogope mahakama kwa sababu ya lugha. Wengi wetu tumeishia darasa la saba. Zamani hukumu ikitoka Mahakama ya Wilaya tulikuwa tunatafuta mwalimu wa sekondari atusomee Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Omba nakala yako uisome.

Wanachama wameamua mambo mawili, na tunayatangaza leo mbele ya Mgeni Rasmi. La kwanza, mfuko wa jamii utatoa nauli, nakala za karatasi na chakula cha mwenye kesi, awe ameumia au amekamatwa. Hautatoa hela ya kumpa mtu yeyote asiyeandika risiti. La pili, kikundi kitakuwa na wadhamini wanne wa zamu, wenye vitambulisho na barua tayari. Wa mwaka huu mmewaona. Mmoja wao ni mama wa vitumbua, aliomba mwenyewe.

Karatasi yenye orodha ya vitu vya kuandika siku ya ajali, yaani namba ya chombo, namba ya bima, jina na simu ya mashahidi wawili, saa na mahali, iko kwa Katibu. Kila mmoja achukue yake kabla ya chakula, abandike nyuma ya mlango. Sasa tunamkaribisha Mweka Hazina.